Kalisi na siborio za wamisionari zimefifia dhahabu, kamati inataka kuzipeleka kwa fundi Jumatatu, nisaidieni mapema

Mbena_Halisi

Tumsifu Yesu Kristu ndugu zangu, na wengine wote kamwene. Mimi ni sakristani kwenye parokia moja ya zamani huku milima ya Njombe, mwaka wa nne huu natunza vyombo vya altare. Tuna kabati lenye vitu walivyoacha mapadre Wajerumani, kalisi mbili (vikombe vya divai ya misa) na patena zake (visahani vya hostia), siborio kubwa (chombo chenye kifuniko cha kuwekea hostia), monstransi ya miale kama jua ya kuonyeshea Ekaristi, na chetezo cha kufukizia ubani. Vingi tunavitoa Alhamisi Kuu, Pasaka na sikukuu ya Ekaristi basi, siku za kawaida tunatumia vipya vya dukani.

Sasa shida yenyewe. Kalisi kubwa ndani ilikuwa dhahabu tupu lakini pale mdomo unapogusa na pale kitambaa kinapopita kila mara pamebaki weupe, nje kuna madoa meusi nikifuta leo baada ya wiki mbili yamerudi, halafu kikombe chenyewe kinacheza kwenye shina, ukikishika kinazunguka kidogo na mi naogopa iko siku Damu ya Bwana itamwagika mikononi mwa padre. Patena ndo inayoniuma zaidi. Mwaka juzi tukijiandaa na Pasaka akina mama waliokuja kusaidia usafi waliisugua kwa stilwaya na sabuni ya unga, nia yao ilikuwa njema kabisa na mimi sikuwepo, nilipoikuta dhahabu ya katikati imeisha yote na mikwaruzo imezunguka kama sahani ya muziki. Siborio nayo msalaba wa kwenye kifuniko uliwahi kukatika, fundi redio akauunga kwa lehemu, pana donge la kijivu mpaka leo.

Jubilei inakuja na kamati imempata fundi mjini, amesema atapiga msasa kila kitu mpaka kiwe cheupe halafu atapuliza rangi ya dhahabu, bei yake ni ndogo sana ndo maana wazee wamefurahi. Roho yangu inakataa ila sina hoja ya kuwaambia. Mwenye ujuzi anisaidie, kikao ni Jumapili baada ya misa ya pili.

MamaIsimani

Milele amina. Mwanangu mbona hiyo nyepesi, chukua limau na chumvi sugua taratibu alafu suuza, mimi vijiko vya mama yangu mzaa nimevisafisha hivyo miaka yote vinang'aa. Ikikataa weka majivu ya jikoni kidogo. Ila hiyo rangi ya kupuliza hapana, kikombe cha misa si geti.

Sonara_Mwanjelwa

Mama shikamoo. Naomba unisamehe nikupinge, limau na chumvi kwenye fedha hapana, chumvi inaacha vishimo vidogo ambavyo hutaviona leo, utaviona baadae pamekuwa na vidoti ambavyo havifutiki tena. Majivu nayo ni msasa tu ila wa bure. Na kwa wote wanaosoma, Jiki msiisogeze karibu na fedha, inageuka nyeusi hapohapo.

Mbena, nimefanya kazi hii ya usonara miaka mingi hapa Mbeya na vyombo vya kanisa vimenipitia mkononi, nasema kwa herufi kubwa SIMAMISHA HIYO KAZI YA MSASA. Hoja ya kuwapa wazee ni hii. Dhahabu iliyo kwenye hiyo kalisi siyo kipande, ni ngozi. Dhahabu ya kuchovya huwa ni mikroni chache (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), nyingine hata mikroni moja haifiki, wakati unywele wa kichwani kwako ni kama mikroni 50 hadi 100. Sasa msasa ukipita mara moja tu umeshamaliza, na ukiendelea unaanza kula fedha yenyewe na nakshi zote, zile zabibu na ngano na nyuso za watakatifu zinakuwa kama zimeyeyuka. Hakuna fundi duniani anayeweza kuzirudisha. Halafu hiyo ya kupuliza haina dhahabu hata chembe, ni unga unaong'aa uliochanganywa na vanishi, divai ina kileo na ina tindikali, itailainisha taratibu na padre ataimeza. Wazee wakisikia hilo tu nadhani watanyamaza.

Kabla ya kusafisha chochote ujue kwanza umeshika nini. Geuza kalisi uangalie chini ya kitako na kwenye ukingo wake kwa tochi. Kama ni ya Wajerumani na ni fedha ya kweli tafuta alama ya mwezi mwandamo na taji pembeni yake kuna namba, 800 au zaidi, hiyo ni sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 1888. 800 maana yake kwenye sehemu elfu moja mia nane ni fedha, zilizobaki ni shaba. Ndugu zetu wa upande wa Tosamaganga walikokuja Wakonsolata wa Italia mwaka 1919 nao wataona hiyo 800 mara nyingi, na Mwingereza yeye anapiga simba anayetembea, hiyo ni 925. Usipoona alama yoyote inaweza kuwa shaba iliyochovywa. Na ujue kalisi moja inaweza kuwa mchanganyiko, kikombe fedha, shina na kitako shaba, ndo maana ukiweka dawa moja kote unaponya huku unaua kule.

Hilo la kucheza lisikutishe, kalisi nyingi za zamani zina vipande vitatu au vinne vilivyoshikwa na fimbo moja ya skrubu inayotoka chini ya kikombe inapita ndani ya shina mpaka kwenye kitako, chini kuna nati. Nati ikilegea kikombe kinazunguka. Usiipeleke kwa fundi akaichomelee, ukichomelea umeifunga milele na hapo ndani hapatasafishwa tena. Weka tone la mafuta ya cherehani kwenye nati, acha usiku kucha, asubuhi jaribu kwa vidole kwanza, koleo likuingie akilini mwisho kabisa na uweke kipande cha ngozi katikati. Piga picha kila hatua, vipande vipange kwenye kitambaa kwa mstari jinsi vilivyotoka.

Sasa weusi. Ule siyo kutu kama ya bati, ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani ikafanya utando mwembamba sana, na kila ukiung'arisha ukatoka unaondoka na fedha kidogo iliyokuwa imegeuka. Dhahabu yenyewe haiwi nyeusi hata siku moja. Ukiona doa jeusi juu ya dhahabu ujue limetoka chini, fedha imepumua kupitia vitundu vya dhahabu, kwahiyo wewe ukisugua doa lile unaondoa dhahabu kwa kosa ambalo siyo lake, kesho vitundu vimeongezeka na weusi unarudi haraka zaidi. Ndo maana kwako unarudi kila wiki mbili.

Penye dhahabu tumia maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo ya kawaida, pamba laini, bila kusugua, suuza na ukaushe hapohapo kwa kitambaa cha pamba. Maji ya kusuuzia ya mwisho nunua yale ya kuongezea kwenye betri pale sheli, ila soma chupa vizuri maana wanauza na ASIDI ya betri kwenye chupa zinazofanana. Penye fedha nyeupe isiyo na dhahabu unaweza kutumia chaki laini ya kalsiamu kaboneti, inauzwa maduka ya vifaa vya maabara, koroga na maji iwe kama uji wa mtoto, paka kwa pamba, zungusha kidogo, toa. Chaki ya ubaoni usitumie, nyingi ni jasi na zina chembe. Dawa ya meno pia hapana.

Dada_Tukuyu

Samahani naingilia, mimi Mmoraviani wa Rungwe, kikombe chetu cha Meza ya Bwana cha zamani kimeandikwa EPNS chini na kwenye mshikio pametokea rangi kama ya njano, je ni dhahabu inatokea?

Sonara_Mwanjelwa

Hapana dada, EPNS ni fedha iliyochovywa juu ya mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, huo unjano ni mwili wa chini unachungulia. Hicho msikisugue kabisa maana fedha ni ya juujuu, maji na sabuni basi. Kinaweza kuchovywa upya fedha na kikatumika tena miaka mingi.

Dada_Tukuyu

Ndaga fijo kaka.

Kijana_wa_Songwe

Mi niliona video, unaweka foili ya jikoni kwenye beseni, magadi ya kuokea na maji ya moto, unatumbukiza chombo weusi unaondoka wenyewe bila kusugua. Kwanini msiseme hiyo?

Sonara_Mwanjelwa

Inafanya kazi ni kweli, alumini inainyang'anya fedha ile salfa ndo maana utasikia harufu ya yai bovu. Kwa kijiko cha nyumbani sikatai. Kwa kalisi siipendi kwa sababu maji yanaingia kwenye shina na ndani ya kitako yanabaki humo miezi, penye mawe ya vioo gundi inaachia, na pia ule weusi wa kwenye mifereji ya nakshi fundi wa zamani aliuacha makusudi ili picha isomeke, foili haichagui inaondoa wote chombo kinabaki cheupe bapa kama sahani ya aluminium. Monstransi ndo kabisa usiitumbukize, ina kioo katikati na miale mingi imeungwa kwa pini.

Chunya_Kwetu

Wakuu mimi nipo machimboni Chunya. Hapa dhahabu ipo na zebaki ipo, nimesikia zamani walikuwa wanachanganya dhahabu na zebaki wanapaka kwenye chombo alafu wanachoma, zebaki inaruka dhahabu inabaki imeshika. Kama ni kweli kwanini tusimsaidie huyu ndugu, mi natoa nusu gramu kwa ajili ya patena ya Bwana bila malipo.

Sonara_Mwanjelwa

Mungu akubariki kwa moyo huo, na ulichosikia ni kweli tupu. Kabla ya umeme ndo njia iliyotumika Ulaya karne kwa karne, mpaka kina Elkington wa Birmingham walipochukua hataza (haki ya uvumbuzi) ya kuchovya kwa umeme mwaka 1840, na hata baada ya hapo wengine waliendelea na moto kwa sababu inashika sana na inang'aa kwa upole. Ni kazi ileile mnayofanya nyie mkichoma ile donge kupata dhahabu yenu. Ila mdogo wangu mvuke wa zebaki huuoni na haunuki, unaingia kifuani unakwenda kwenye mishipa ya fahamu na figo. Mafundi wa zamani wa kazi hiyo walikufa wakitetemeka. Nitakuwa mwongo mbele ya Mungu nikiwaelekeza mfanye hivyo uani kwenu ili chombo cha misa kipendeze. Nusu gramu yako itunze, naieleza chini kazi yake.

Chunya_Kwetu

Nimekuelewa sana mkuu. Baba yangu mdogo alichomea kwenye kikaango ndani ya banda miaka na miaka, sasa hivi kikombe cha chai hawezi kukishika kwa mkono mmoja, hospitali wametuambia ni hiyohiyo. Sikuwahi kuunganisha na hii habari ya makanisa.

Katekista_Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristu. Nimesoma yote na nimefurahi, naongeza upande wa Kanisa maana hapo ndo kamati itasikiliza.

Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kiroma namba 328 unasema vyombo vitakatifu vitengenezwe kwa metali bora, na kama ni metali inayopata kutu au iliyo duni kuliko dhahabu basi kwa kawaida ndani ipakwe dhahabu. Dhahabu, siyo rangi ya dhahabu. Mwonyeshe mwenyekiti wako mstari huo. Namba inayofuata inaruhusu hata mpingo na miti mingine migumu pale maaskofu wa nchi wanapokubali, nataja hilo kwa sababu wapo watakaosema basi tutupe haya ya zamani tununue mapya. Havitupwi na haviuzwi. Sheria ya Kanisa kanuni 1292 kitu chenye thamani ya sanaa au ya historia hakiuzwi bila ruhusa ya Roma yenyewe, na kanuni 1283 inataka kuwe na orodha ya mali iliyoandikwa sawasawa. Je, nyie mnayo orodha? Kama hamna anza nayo kesho, daftari, picha, vipimo, uzito kwenye mizani ya dukani, alama zote. Chombo kikienda kwa fundi na kisipokuwa na uzito ulioandikwa, kitakachorudi huna pa kukidai.

Kabla ya kukifungua mwombe Baba Paroko akitakase kwanza, na maji ya suuzo la kwanza yamwagwe kwenye sakrario (ile sinki maalumu ya sakristia inayomwaga moja kwa moja ardhini) au ardhini mahali safi, siyo kwenye sinki ya kawaida. Wazee wengi watauliza kama kalisi ikichovywa upya inapoteza baraka yake. Hata ile sheria ya zamani ya mwaka 1917 ilisema wazi kwamba kuisha kwa dhahabu au kuirudishia hakuondoi wakfu wa kalisi. Sasa kuhusu fundi, kabla ya kuchovya aulizwe Paroko naye aulize jimboni, msikimbilie.

Na jambo moja naliomba sana. Chini ya kitako angalia kama kuna maandishi. Kalisi nyingi za wamisionari zilikuwa zawadi ya familia siku ya upadrisho, wameandika hapo. Yasifutwe.

Sonara_Mwanjelwa

Asante mzee wangu, umeweka vizuri kuliko mimi.

Namalizia ya patena na siborio. Patena mikwaruzo ile usiiondoe yote, kuiondoa ni kupunguza unene wa sahani mpaka chini ya mkwaruzo mrefu kuliko wote. Mimi ningelainisha kidogo kwa mkono, kisha ikachovywe dhahabu kwa umeme na mtu mwenye kituo cha kweli. Ukimpata muulize anaweka mikroni ngapi, akikujibu "utaona itang'aa" ondoka. Muulize pia anasuuza vipi maana maji ya kuchovya yana sianidi, na asitumie mashine ya kung'arishia kwenye nakshi. Kichovywe ndani ya kikombe na uso wa juu wa patena tu, huko nje kuachwe na umri wake. Hapo ndipo nusu gramu ya ndugu wa Chunya ina kazi, kwa eneo dogo hivyo ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Siborio msiiguse kwa moto. Lehemu ya redio kwa kawaida ni bati na risasi, inayeyuka kwenye nyuzi 180 na kitu, wakati lehemu yetu ya fedha inataka zaidi ya 600. Sonara asiyeangalia akipiga moto juu ya lile donge risasi inazama ndani ya fedha inaila na kifuniko kinatoboka. Kwanza itolewe yote, kwa mkono, kwa subira. Kwa bahati donge liko nje juu ya kifuniko haligusani na Ekaristi, lingekuwa ndani ningekwambia kiache kutumika leo hii.

Swali langu kwako Mbena, huo weusi unarudi haraka mno. Mnatunzia wapi, na humo sakristia mnawasha nini?

Mbena_Halisi

Ndugu zangu nimesoma usiku wote sijui nianze wapi kushukuru. Mzee Katekista shikamoo.

Nimejibu maswali kwa kwenda kuangalia. Kabatini kila chombo kimefungwa kwenye kipande cha blanketi la sufi, bibi aliyekuwepo kabla yangu aliona huku baridi basi akavifunika. Monstransi imefungwa na mipira ile ya pesa, na kila palipo na mpira pana mstari mweusi. Halafu jiko la mkaa tunaliwasha humohumo sakristia asubuhi, la kupata makaa ya chetezo, na Juni Julai linabaki linawaka maana watumikiaji wadogo wanatetemeka na zile kanzu nyepesi.

Sonara_Mwanjelwa

Basi ugonjwa umeupata. Sufi ina salfa, mpira una salfa, moshi wa mkaa una salfa. Mmeifungia kalisi ndani ya kitu kinachoitia weusi. Jiko litoke nje barazani leo, makaa yaingie yakiwa yameshashika kwenye chetezo. Blanketi na mipira vitoke. Shona mifuko ya kitambaa cha marekani, kifuliwe mara mbili kwa maji ya moto kabla ya kushona ili ile wanga itoke, kisha mfuko wa nguo uingie kwenye mfuko wa nailoni safi ufungwe. Kila anayeshika ashike kwa kitambaa au glovu za pamba maana jasho lina chumvi.

Mbena_Halisi

Nimerudi, kikao kimeisha. Nilisoma ile namba 328 na nikaeleza ya mikroni na unywele. Mwenyekiti alikaa kimya halafu akasema huyo fundi apigiwe simu asije. Baba Paroko atapeleka barua jimboni kuhusu kuchovya ndani ya kalisi na patena, siborio itasubiri mpaka tupate mtu wa kuitoa ile risasi, na kwenye jubilei tutatumia kalisi ndogo ambayo haina shida.

Nati tuliifungua jana mimi na Paroko, vidole vilitosha baada ya mafuta. Mwezi na taji vipo, na 800. Ndani ya kitako pamezungushiwa maandishi ya Kijerumani, sista mmoja anayekijua akatusomea, ni mama mjane anamkabidhi mwanae wa pekee siku ya upadrisho wake na anaomba kila atakayeinua kikombe hiki amkumbuke. Miaka yote tumeinua hatukujua. Baba amesema Jumapili ijayo ataitolea misa kwa ajili yao wawili. Nati imerudi sawasawa, kikombe hakichezi tena.

Marekani nimeulizia Makambako ipo, ila fundi cherehani wetu amesafiri.

MamaIsimani

Mwanangu leta hiyo kazi kwangu, napanda basi Jumatano kuja Njombe kwa binti yangu na cherehani yake ipo. Marekani nitanunua mwenyewe Iringa na nitaifulia hukohuko. Nitumie tu vipimo vya kila chombo urefu na upana, na monstransi upime kutoka ncha ya mwale mpaka ncha ya mwale, mfuko wake nitaushona na pindo mbili isije miale ikatoboa.